Kazi Aliyotuachia Jane Goodall Iko Kijijini Kwetu



Tarehe 1 Oktoba 2025 Jane Goodall alifariki dunia huko California, Marekani, akiwa katika ziara ya kutoa mihadhara. Alikuwa na umri wa miaka 91. Rambirambi zilimiminika kutoka kila upande wa dunia, na kwa siku kadhaa picha ya yule mama mwenye nywele nyeupe zilizofungwa kisogoni ilikuwa kila mahali. Kisha zikaja habari nyingine.

Nakuandikia kwa sababu naamini sisi wa Afrika Mashariki hatuna ruhusa ya kuishia kwenye rambirambi. Jina la mama huyu lilijengwa Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, pamoja na watu wa Kigoma. Na jambo kubwa aliloliona katika miaka yake 65 ya kazi halihusu sokwe peke yao. Linahusu ardhi ya vijiji vyetu na nani mwenye kauli juu ya msitu. Nivumilie nilieleze, halafu nitakuomba kitu.

Alikuja Kenya mwaka 1957, binti wa miaka 23 aliyesomea kazi ya ukatibu, bila shahada yoyote ya chuo kikuu. Nairobi alikutana na Louis Leakey wa Makumbusho ya Coryndon, mtaalamu aliyekuwa akichimba mabaki ya watu wa kale, na akawa katibu wake. Leakey alikuwa na swali ambalo mifupa haikuweza kulijibu: wahenga wetu wa mbali waliishi vipi siku kwa siku? Alitaka mtu wa kukaa porini na sokwe kwa muda mrefu, atazame na kuandika. Alimpendelea Jane hasa kwa kuwa hakuwa amefundishwa cha kuona kabla ya kukiona. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikataa mwanamke kijana akae msituni peke yake bila mwenzake wa Kizungu, basi mama yake mzazi, Vanne, akafunga safari naye. Walishuka Gombe tarehe 14 Julai 1960.

Simulizi nyingi kuhusu Gombe humtaja Vanne kwa sentensi moja na kupita. Mimi naomba tusimame kwake kidogo. Wakati binti yake alipokuwa akipanda milima kabla ya jua kutoka, mama huyo alikaa chini ufukweni na kuwahudumia wavuvi na jamaa zao kwa dawa chache alizokuja nazo: vidonge vya kutuliza maumivu, dawa za vidonda, bandeji. Alisafisha vidonda sugu kwa subira, watu wakapona, habari zikaenea. Kabla wanakijiji hawajajua sayansi ya wageni hawa ni ya nini, walikuwa wamekwisha kupata ujirani wao. Nina hakika utafiti wa Gombe ulidumu kwa sababu hiyo kuliko sababu nyingine yoyote ya miezi ile ya mwanzo.

Milimani nako Jane hakuwa peke yake. Rashidi Kikwale, mwenyeji wa pale, alimwongoza katika mabonde na njia za msituni. Kwa miezi kadhaa sokwe walimkimbia kila alipotokea. Aliketi kilimani na darubini yake na kuwaandika kwa mbali, hadi dume mmoja mwenye ndevu nyeupe, aliyempa jina la David Greybeard, akaacha kumwogopa. Novemba 1960 alimkuta ameketi kwenye kichuguu. Sokwe yule alichukua ubua wa nyasi, akauingiza shimoni, akasubiri mchwa waung'ate, akauvuta polepole na kuwala. Siku nyingine alionekana akivunja kijiti chenye majani na kuyapukutisha majani yale ili kijiti kifae. Huko ni kutengeneza zana. Vitabu vya wakati ule vilisema binadamu ndiye kiumbe pekee anayetengeneza zana, na kwa hilo vikamtenga na wanyama wote. Leakey alipopata taarifa alisema wazi kwamba sasa maana ya zana, au maana ya binadamu, lazima iandikwe upya.

Mambo mengine yalifuata kwa haraka. Sokwe wanakula nyama na wanawinda mbega wekundu kwa kushirikiana. Wana urafiki wa miaka mingi, wana vinyongo, wana huzuni. Flo, mama mkongwe wa kundi la Kasakela, alipokufa mwaka 1972, mwanawe Flint aliyekuwa na umri wa miaka minane na zaidi aliacha kula, akadhoofu, na baada ya wiki chache naye akafa karibu na pale mama yake alipolala. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako Jane alipokewa kusoma shahada ya uzamivu bila kuwa na ya kwanza, walimwambia alikosea kuwapa wanyama majina, angewapa namba. Hakukubali. Alihitimu mwaka 1966 huku Flo akiwa bado Flo katika maandishi yake. Leo watafiti wengi wa wanyama wakubwa huwapa majina na kufuatilia tabia ya kila mmoja.

Haki inadai tuseme pia yaliyokosewa. Kwa miaka mingi kambi ya Gombe iliwalisha sokwe ndizi ili waje karibu. Walikuja, lakini walikuja wengi kwa pamoja, wakagombana kuliko kawaida yao, na nyani nao wakaingia katika ugomvi. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwavamia. Wengine walikufa na wengine walibaki na viungo vilivyolemaa, na wafanyakazi wakalazimika kuwapa chanjo ndani ya ndizi zile zile. Ulishaji ulipunguzwa na hatimaye ukakomeshwa kabisa. Mgeni anayekwenda Gombe leo huambiwa asimkaribie sokwe na asiingie msituni akiwa na mafua. Sheria hizo zimetokana na vifo.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayotaka kila kijana wa Kitanzania aijue. Usiku mmoja wa Mei 1975 watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa, waasi wa Zaire wa wakati ule, walivamia kambi na kuwateka watafiti wanne wa kigeni. Wote waliachiwa baadaye, lakini Gombe haikuwa tena mahali pa watafiti wa kigeni kuishi. Utafiti ule ungeweza kufa mwaka huo huo. Haukufa, kwa sababu Watanzania waliokuwa wameajiriwa kubeba vyombo na kuongoza njia walikuwa wamekwisha kuwa watazamaji hodari kuliko wageni waliowafundisha. Akina Hilali Matama, Hamisi Mkono na Eslom Mpongo walimjua kila sokwe kwa sura, kwa mwendo na kwa sauti. Hilali ndiye aliyeshuhudia, Januari 1974, madume wa Kasakela wakimshambulia Godi wa kundi la Kahama, tukio lililofungua vita vya miaka minne vilivyolimaliza kundi la Kahama. Dunia nzima ilistaajabu kusikia kwamba sokwe wanapigana vita. Aliyeona alikuwa mtu wa Kigoma.

Waliandika kwa Kiswahili. Kila siku, jua na mvua, mfuatiliaji alimshika sokwe mmoja tangu anapoamka kwenye kiota chake hadi anapojenga kingine jioni, akaandika alikula nini, alikutana na nani, alipigana na nani, mama alimbeba mtoto vipi. Madaftari hayo yamekuwa hazina ambayo vyuo vikuu vya nje hutafsiri na kuichambua mpaka leo. Humo mmetoka maarifa kuhusu malezi, kuhusu uzee, hata kuhusu virusi vya sokwe vilivyo na undugu na virusi vya UKIMWI. Tunaposema lugha yetu haina nafasi katika sayansi, tuyakumbuke madaftari ya Gombe.

Mwaka 1986 Jane alichapisha kitabu chake kikubwa, The Chimpanzees of Gombe, na mwaka huo huo akahudhuria mkutano wa watafiti wa sokwe mjini Chicago. Aliingia ukumbini akiwa mtafiti. Kikao baada ya kikao aliwasikia wenzake kutoka nchi mbalimbali za Afrika wakisema jambo lile lile: misitu inafyekwa, sokwe wanauawa, watoto wao wanauzwa. Alitoka akiwa mtetezi, na tangu hapo hakukaa tena mahali pamoja kwa muda mrefu. Tuzo na heshima alizopewa baadaye ni nyingi, na sitazihesabu hapa.

Kilichombadilisha zaidi kilikuwa nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipita angani juu ya Gombe kwa ndege ndogo. Mwaka 1960 msitu ulianzia ukingoni mwa ziwa na kuendelea mashariki mpaka jicho lilipochoka. Safari hii aliona kipande kidogo cha kijani, na kukizunguka pande zote milima iliyo mitupu. Gombe ni mojawapo ya hifadhi ndogo kabisa za taifa Tanzania, kilometa za mraba zinazozidi 50 kwa kiasi kidogo tu. Nje ya mpaka wake watu walikuwa wameongezeka, wakimbizi kutoka Burundi na Kongo walikuwa wameingia, na kila familia ilihitaji shamba la mihogo na maharage, michikichi, kuni na mkaa. Miteremko ya Kigoma ni mikali. Mti ukiondoka, udongo nao huondoka. Mvua moja kubwa hushusha tope mashambani, visimani na mpaka ziwani, kwenye miamba ambako samaki wadogo hulelewa. Mkulima alikuwa anapoteza shamba na mvuvi alikuwa anapoteza ziwa kwa sababu moja.

Angeweza kudai polisi zaidi na uzio. Wapo wengi waliofanya hivyo sehemu nyingine, na tunajua uchungu uliobaki. Yeye alijiuliza: sokwe watapona vipi ikiwa jirani zao hawana njia ya kuishi? Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE, ukianza na vijiji 12 vilivyo karibu na Gombe. Timu ya Watanzania ilikwenda kijiji kwa kijiji na kuwauliza watu wanataka nini. Watu hawakutaja sokwe. Walitaja chakula na rutuba ya udongo, zahanati, maji, shule za watoto wao. Mradi ukaanzia hapo walipoanzia wao: vitalu vya miche, kilimo cha kuzuia mmomonyoko, mikopo midogo ya akina mama, ufadhili wa masomo kwa wasichana, uzazi wa mpango, na soko la kahawa ya milimani. Msitu ulikuja baadaye, na uliletwa na wanakijiji wenyewe.

Ulivyoletwa ni jambo la kuigwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake kwa niaba ya wanakijiji, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi. Vijiji vya Kigoma viliketi, vikachora ramani ya matumizi bora ya ardhi, vikapanga hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu. Mabonde na vilele vilivyotengwa viliunganishwa na vya kijiji jirani ili sokwe wapate njia ya kupita. Walichaguliwa walinzi wa msitu kutoka kijijini, wakapewa simu za kupigia picha na kuandika wanachokiona doriani: shimo la mkaa, mtego, kiota cha sokwe. Tena mara nyingi halikuwa suala la kupanda mti hata mmoja. Visiki vya miombo vina mizizi hai. Vikiachwa bila shoka na bila moto, vinachipua vyenyewe, na baada ya miaka michache mlima uliokuwa na upara unakuwa na kivuli.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Gombe ina sokwe karibu 100 tu, na idadi hiyo ikifungiwa peke yake ndani ya hifadhi haina maisha marefu. Sokwe wengi wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa, katika misitu kama ya Masito na Ugalla, kwenye ardhi za vijiji na za halmashauri. Hatima yao haiamuliwi London wala New York. Inaamuliwa chini ya mwembe, siku ya mkutano wa kijiji, na watu waliohudhuria.

Kwa hiyo naomba.

Wewe unayeishi kijijini, au uliyetoka kijijini na bado una shamba la ukoo huko: mkutano mkuu wa kijiji ni wako, na kwa sheria unapaswa kuitishwa angalau kila miezi mitatu. Ni hapo mwekezaji anapokubaliwa au kukataliwa, mpango wa matumizi ya ardhi unapopitishwa, na sheria ndogo za msitu zinapopata nguvu. Inasikitisha jinsi tunavyolalamika kuhusu misitu vijiweni na kuviacha viti vya mkutano vitupu. Kama uko Dar es Salaam, Muscat au Minneapolis, mpigie simu ndugu yako aliye nyumbani umuulize kama kijiji kimetenga msitu, na usiwe wewe unayetuma fedha za kufyeka mlima.

Ndugu zetu wa Kenya wana vyama vya jamii vya misitu vinavyotambuliwa na sheria, na wa Kongo wana amri ya mwaka 2014 inayowaruhusu wananchi kuomba msitu wa jamii. Njia ni tofauti lakini mlango ni ule ule. Ukijiunga na chama, lipa ada, hudhuria, gombea uongozi. Vyama vingi hufa kwa sababu watu waadilifu walimwachia mtu mmoja kila kitu.

Walimu na wazazi, mwaka 1991 Jane aliwaita wanafunzi 12 kwenye baraza ya nyumba yake Dar es Salaam, akawasikiliza wakieleza waliyoyaona yakiharibika katika maeneo yao. Hakuwapa jibu. Aliwaambia waanze. Hiyo ndiyo asili ya Roots & Shoots, ambayo leo ina vikundi katika nchi zaidi ya 60, na kila kikundi huchagua jambo moja la watu, moja la wanyama na moja la mazingira. Klabu ya shule yako haihitaji mfadhili. Inahitaji mwalimu mmoja aliye tayari kubaki saa moja baada ya masomo, na mzazi asiyemwambia mtoto kwamba kupanda miti ni adhabu ya wachelewaji. Tumewachukiza watoto wengi na miti kwa adhabu hiyo, na wakati umefika tuiache.

Vijana, nawaomba daftari. Chagua mti, ndege, chemchemi au ufukwe ulio karibu nawe, na uandike kwa Kiswahili unachokiona, pamoja na tarehe, mwaka hadi mwaka. Mchango mkubwa wa watu wa Gombe ulikuwa huo, na hawakuwa na shahada walipoanza. Siku mradi mkubwa utakapokuja kijijini na mtaalamu akasema hapa hapakuwahi kuwa na maji, daftari lako litakuwa ushahidi.

Mliopo mijini, najua bei ya gesi, na sitamlaumu mama anayenunua mkaa wa kopo. Ila mwenye uwezo wa kubadilisha jiko na abadilishe, na wenye hoteli, shule na kambi zinazopika kwa magogo waanze wao, kwa sababu wanachoma kwa siku moja kuni ambazo familia ingetumia kwa muda mrefu.

Na kwa wasomaji walioko Ghuba, Ulaya na kwingineko ambako watu hujionyesha mitandaoni wakiwa wamebeba watoto wa sokwe waliovishwa nguo: usizipende picha hizo, usizisambaze. Mama sokwe hamwachi mtoto wake akiwa hai. Kila mtoto aliyeko sebuleni kwa mtu ameachwa na mama aliyeuawa, na mara nyingi na jamaa wengine waliojaribu kumtetea. Ukikutana na mtu anayeuza, toa taarifa kwa mamlaka za nchi unayoishi.

Serikali zetu nazo nazisihi kwa heshima: cheti cha ardhi ya kijiji kisicheleweshwe, ramani zikikubaliwa ziheshimiwe, na walinzi wa misitu ya vijiji wanaolala doriani bila buti wala posho wakumbukwe katika bajeti za halmashauri.

Mkutano ujao wa kijiji chako ukitangazwa, acha shughuli ya siku hiyo uende. Uliza mpaka wa msitu wa kijiji uko wapi, nani anaufanyia doria, na mihtasari ya maamuzi yaliyopita inahifadhiwa na nani. Ukiambiwa hakuna msitu uliotengwa, omba ajenda hiyo iingizwe kwenye mkutano unaofuata, hakikisha imeandikwa, na siku hiyo uje na jirani zako.